Bastola ya kiunoni: itategemewa, triga yake ikoje, na itahimili chumvi?

Mtoto wa dadangu anafanya biashara Mombasa. Mwezi uliopita alinipigia simu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniambia kwamba ombi lake la leseni ya silaha limefika mbali. Alitaka jambo moja tu kutoka kwangu. "Mjomba, ninunue ipi?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Nimekuwa mmiliki halali wa bastola kwa miaka kadhaa sasa, na nilijua swali lake haliwezi kujibiwa kwa kutaja jina la kiwanda kwenye simu. Haya ndiyo niliyomwandikia. Nimeyapanga upya kwa sababu najua wapo wasomaji wengine wa Pwani wenye swali hilo hilo, na wengine ambao bado hawajaamua kama wanataka silaha nyumbani mwao au la.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni. Nakaa Mountain View, mtaa ulio kando ya Waiyaki Way karibu na Kangemi, na duka langu la vipuri vya magari liko Kirinyaga Road, katikati ya jiji. Niliomba leseni baada ya wezi kunifuata kutoka dukani hadi langoni kwangu jioni moja. Walichukua pesa na simu, na mke wangu alikuwa ameketi kando yangu garini. Upande huu wa Nairobi watu hawasahau upesi. Westgate ni safari fupi tu kutoka kwetu, na shambulizi la Septemba 21, 2013 liliua watu 67. Siku hiyo Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, aliingia mle na bastola yake kumtafuta ndugu yake. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na naamini wengi walianza kufikiria leseni baada ya kuziona.

Lakini picha haikuonyeshi kazi iliyoko nyuma ya bastola inayofyatuka. Hilo nilijifunza kwa aibu.

Desemba moja nilishuka Kisauni na familia kwa wiki tatu. Kila siku bastola ilikuwa kiunoni, chini ya shati, kwenye jasho na upepo wa bahari. Niliogopa kutu. Kwa kuwa mimi ni mtu wa vipuri, nilichukua grisi ya gari nikaipaka nje na ndani, nikaona nimemaliza. Tuliporudi Nairobi niliendelea kuibeba hivyo hivyo. Julai, asubuhi ya baridi, nikaenda uwanja wa shabaha. Nikalenga karatasi, nikavuta, nikasikia "tik". Nikavuta risasi nyingine ikaingia. "Tik" tena. Mkufunzi aliifungua mezani mbele ya watu. Njia ya sindano inayogonga risasi ilikuwa imejaa grisi, vumbi la mfukoni na unga wa shaba, vyote vimegandamana. Sindano ilikuwa inakwenda polepole kama gari lenye betri mbovu.

Kwa miezi saba nilikuwa nimebeba chuma kisichofanya kazi na kujiona niko salama. Kosa halikuwa la kiwanda. Lilikuwa langu.

Ndiyo maana napima bastola kwa mambo matatu, na kwa mpangilio huu: je, itafyatuka kila ninapotaka? Je, haitafyatuka nisipotaka? Na je, itabaki hivyo baada ya mwaka wa jasho na chumvi? Jambo la kwanza ndilo kutegemewa, la pili ni triga, la tatu ni ngozi ya nje ya chuma.

Kabla ya yote, sheria

Kenya hubadilishi bastola kama unavyobadilisha simu. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huwezi kununua wala kuwa na bunduki bila cheti, na anayetoa cheti lazima aridhike kwamba una sababu ya maana. Cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ukitaka kubadilisha, unarudi kwenye makaratasi. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, aliwataka wamiliki wote wa silaha wajitokeze kukaguliwa upya katika siku 90. Wanaofikiri leseni ikishatoka basi imetoka walipata somo.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: chagua mara moja, chagua vizuri, na uchague kitu ambacho utaweza kukitunza. Marekani mtu hununua bastola tatu, akazijaribu, akauza mbili. Ushauri mwingi unaosambazwa umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Sisi si yeye.

Kutegemewa: kwa nini bastola ndogo ina hasira

Bastola nyingi za kisasa za kubeba kiunoni hutumia risasi ya milimita 9, ile ambayo mtutu wake na ganda lake la milimita 19 vimezoeleka duniani kote. Ukivuta, slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza, hurushwa nyuma, hutoa ganda tupu, kisha springi huirudisha mbele ikiwa imebeba risasi mpya kutoka kwenye magazini. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa punguza ukubwa. Slaidi ikiwa fupi na nyepesi, inarudi nyuma kwa kasi zaidi na ina safari fupi. Mtengenezaji hulazimika kuweka springi ngumu zaidi. Nafasi ya magazini kusukuma risasi juu kwa wakati inapungua. Kwa hiyo bastola ndogo haina subira. Ukiishika kwa mkono uliolegea, inakwama. Ukiitia risasi za bei rahisi zenye baruti dhaifu, inakwama. Springi ya magazini ikichoka, inakwama. Bastola kubwa ya aina ileile ingesamehe makosa hayo.

Bastola ikikataa, sababu huwa ni mojawapo ya hizi nne: magazini, risasi, mkono wa mwenyewe, au uchafu. Bastola yenyewe kuharibika huja mwisho. Waliowahi kutazama mashindano ya shabaha Kirigiti, kule Kiambu, wameona jinsi washindani wanavyotunza magazini zao kuliko kitu kingine chochote. Wanajua ugonjwa huanzia wapi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: usiiamini bastola mpaka imepiga risasi 200 bila kukwama, kwa magazini zilezile utakazobeba, na angalau sehemu ya hizo ziwe risasi za aina utakayobeba kila siku. Kwa kuwa risasi zetu ni ghali na zina kikomo, gawanya kipimo hicho katika safari kadhaa za uwanjani. Andika kwenye daftari: tarehe, risasi ngapi, ilikwama mara ngapi, na magazini ipi. Tia alama kwenye kila magazini, moja, mbili, tatu. Kama inayokwama ni namba mbili kila mara, huna haja ya fundi, una haja ya magazini mpya.

Na jambo moja ambalo wauzaji hawalipendi: usikimbilie bastola mpya iliyotoka juzi. SIG Sauer P365 ilipoingia sokoni mwaka 2018 ilisifiwa sana, kwa sababu ilibeba risasi 10 katika mwili mdogo ambao wengine walikuwa wakitia 6 au 7. Lakini za mwanzo zilikuwa na malalamiko ya sindano kuvunjika. Kiwanda kilirekebisha, na leo ni bastola inayoheshimiwa. Mwenye subira ndiye aliyepata ile iliyorekebishwa.

Triga: ugumu kidogo ni rafiki

Kifyatulio, au triga kama tunavyoiita sote, ndipo kidole kinapokutana na dhamana. Watu hupima triga kwa mambo matatu: uzito wa kuivuta, umbali inaosafiri, na jinsi inavyovunjika, yaani ile hatua ya mwisho kabla risasi haijatoka. Kwa mlenga shabaha, triga nzuri ni nyepesi na fupi. Kwa mbebaji wa kiunoni, ambaye siku 364 za mwaka hatavuta kitu, mambo yanageuka.

Ziko familia mbili kubwa.

Ya kwanza haina nyundo inayoonekana nyuma. Glock ndiyo mama wa familia hii katika fikra za wengi. Triga yake huvutwa kwa takriban kilo 2.5, na ni ileile kila risasi, ya kwanza hadi ya mwisho. Kinga zake ziko ndani, pamoja na kile kijiulimi kilicho katikati ya triga yenyewe. Hakuna kitufe cha kukumbuka. Faida yake ni urahisi: unachojifunza ni mvuto mmoja tu. Hatari yake ni urahisi huohuo: chochote kinachoingia kwenye triga na kuivuta, kiwe kidole, kamba ya jaketi au pindo la shati, bastola haikiulizi kimetoka wapi.

Ya pili ina nyundo. Risasi ya kwanza huvutwa kwa safari ndefu na nzito, hufika karibu kilo 5 kwenye baadhi ya bastola, kwa sababu kidole ndicho kinachoinua nyundo na kuiachilia. Baada ya hapo slaidi huinua nyundo yenyewe, na mvuto unashuka hadi karibu kilo 2. Bastola za CZ, ambazo Wakenya huziita Ceska, ziko hapa. Jina hilo limetoka kwa kiwanda chenyewe, Česká zbrojovka, na polisi wetu wamezibeba kwa miaka mingi, pamoja na Jericho ya Israeli ambayo nayo ilijengwa kwa kufuata Ceska. Faida ya familia hii ni kwamba risasi ya kwanza haitoki kwa bahati mbaya kirahisi. Hasara yake ni kwamba lazima ujifunze mivuto miwili tofauti, na walio wengi hujizoeza ule mwepesi tu kwa sababu unapendeza.

Kwenye familia hii ya nyundo uliza swali moja dukani: nyundo inashushwaje ikiwa risasi imo ndani? Baadhi, kama CZ P-01, zina kitufe cha kuishusha salama. CZ 75 B ya kawaida haina. Ina kufuli ya kidole gumba, na mwenye kutaka kuishusha nyundo hulazimika kuishika kwa gumba na kuvuta triga taratibu. Gumba lenye jasho likiteleza, risasi imetoka. Mtu mgeni simshauri kabisa.

Je, risasi ikae ndani ya chemba au isikae? Wamiliki wengi ninaowajua Nairobi hubeba chemba ikiwa tupu, na huvuta slaidi wakati wa haja. Wengine huicheka tabia hiyo, kwa kuwa inahitaji mikono miwili na sekunde ambayo huenda huna. Mimi siicheki. Kama hujazoea, kama ala yako haifuniki triga yote, au kama watoto hukurukia ufikapo mlangoni, chemba tupu ni uamuzi wa mtu mzima. Ukiamua kubeba ikiwa na risasi, basi ala ngumu inayofunika triga yote si jambo la hiari, na kuirudisha bastola alani kunahitaji macho na utulivu kuliko kuitoa. Wengi wanaojipiga paja hujipiga wakati wa kuirudisha.

Kuhusu fundi anayeahidi kukulainishia triga: mkatae. Triga ya kiwandani imepimwa pamoja na kinga zake zote. Hata viwanda vikubwa hukosea. Agosti 2013, Smith & Wesson iliwaomba wamiliki wa M&P Shield wakague triga, kwa sababu katika baadhi kinga ya kuzuia risasi kutoka bastola ikianguka ingeweza kushindwa. Agosti 2017 SIG Sauer ilijitolea kurekebisha P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikidondoka kwa pembe fulani. Kama wahandisi wenye maabara walipitiwa, kijana mwenye tupa na msasa atakufanyia nini?

Ngozi ya nje: hapa Pwani ndipo penye mtihani

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni kavu na baridi, na bastola iliyosahauliwa kabatini mwezi mzima utaikuta kama ulivyoiacha. Mombasa ni habari nyingine. Muulize yeyote aliyeweka grili za chuma kwenye nyumba inayotazama bahari. Chumvi iko hewani, na jasho la kiuno ni chumvi pia. Kwa hiyo mtu wa Pwani aiangalie ngozi ya bastola kwa jicho kali kuliko mtu wa Mountain View.

Aina utakazokutana nazo ni hizi:

Chuma kilichotiwa rangi ya buluu-nyeusi. Hii ndiyo ngozi ya zamani, na inapendeza kwa macho. Kwa kweli ni kutu iliyofugwa: tabaka jembamba la oksidi ya chuma linaloshika mafuta. Mafuta yakikauka, kutu ya porini inaingia. Kwa kiuno cha Mombasa, siku chache za uzembe zinatosha kuleta madoa ya kahawia. Bastola nyingi kuukuu zilizorithiwa, kama Walther PPK ambayo muundo wake ulianza mwaka 1931, utazikuta na ngozi hii.

Rangi ya kupakwa. Ceska nyingi za kawaida zina rangi nyeusi iliyopakwa juu ya chuma kilichoandaliwa. Inakinga vizuri mpaka inapokwaruzwa. Mahali pa kwanza kuchubuka ni mdomo wa mtutu na pembe za slaidi zinazosugua ala. Hapo ndipo pa kutazamwa kila wiki.

Nitraidi. Hapa hakuna kinachopakwa juu. Chuma hupashwa moto, mara nyingi zaidi ya digrii 500, na naitrojeni huingizwa kwenye uso wake wenyewe. Uso unakuwa mgumu sana na haushiki kutu kirahisi. Glock ilijijengea sifa kwa njia hii, na rangi nyeusi ya juu ikichubuka bado kinga imo ndani ya chuma. Kwa maoni yangu hii ndiyo ngozi ya mtu wa Pwani mwenye shughuli nyingi.

Chuma kisichoshika kutu. Slaidi za Shield na P365 zimetengenezwa kwa chuma hiki na kisha kuongezewa kinga ya juu. Ni chaguo zuri, ila jina lisikudanganye. Kinashika kutu pia kikiachwa kwenye chumvi, kinachelewa tu.

Nikeli na kromu. Zinang'aa na zinakinga. Lakini nikeli ikianza kubabuka, chumvi huingia chini yake na kula chuma bila wewe kuona. Na bastola inayong'aa si rafiki wa mtu anayetaka isionekane.

Fremu za plastiki ngumu hazishiki kutu kabisa, na hilo ni pumziko. Lakini ndani ya plastiki mna pini, springi na vipande vya chuma ambavyo havikupewa ngozi nzuri kama slaidi. Magazini nazo ni chuma. Mimi nimeona slaidi safi kama mpya huku springi ya magazini imegeuka rangi ya udongo. Kutu ikianza huko, tumerudi kwenye kutegemewa: bastola inapendeza, haifyatuki.

Utunzaji ambao ningeufanya tangu mwanzo

Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa macho na iguse kwa kidole. Fanya hivyo kila mara, hata kama umefanya dakika mbili zilizopita. Risasi zote ziwe chumba kingine.

Futa nje kwa kitambaa kikavu kila jioni ukiwa Pwani, kila wiki ukiwa Nairobi. Kisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki, kidogo tu. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi linatosha. Njia ya sindano iache kavu. Grisi ya gari iache kwenye gari.

Usiiweke bastola ndani ya ala ya ngozi usiku kucha. Ngozi hunywa jasho na kulishikilia juu ya chuma. Ala ya plastiki iliyofinyangwa haina tabia hiyo, na inafunika triga vizuri zaidi. Ndani ya sanduku la chuma tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe.

Risasi nazo huchoka. Risasi uliyoitia chembani na kuitoa kila siku husukumwa ndani ya ganda lake kidogo kidogo, mpaka inakuwa fupi kuliko wenzake, na hilo ni hatari. Zile unazobeba zipige uwanjani angalau mara moja kwa mwaka na ununue nyingine.

Bastola moja moja

Glock 19. Ilianza 1988. Mtutu wa milimita 102, magazini ya risasi 15, uzito wa karibu gramu 600 bila magazini. Ni ndogo ya kutosha kufichika chini ya shati la mikono mifupi na kubwa ya kutosha kusamehe mkono. Kama mtu angetaka moja tu ya kuishi nayo miaka yote, ningeanzia hapa.

Glock 26 na 43X. Ya kwanza ni fupi na nene, risasi 10. Ya pili, ya mwaka 2019, ni nyembamba, nayo risasi 10. Hufichika vizuri chini ya kanzu au shati jepesi, lakini huruka mkononi kuliko 19, na huhitaji mazoezi zaidi.

CZ P-01 na P-07. P-01 ilitoka 2001, ina fremu ya alumini na uzito wa karibu gramu 800. P-07 ilitoka 2009, ina fremu ya plastiki. Zote zina nyundo na ule mvuto wa kwanza mrefu. Uzito wake unatuliza mkono. Kwa mtu anayeogopa triga nyepesi, hizi ndizo. Ila ngozi yake itazamwe.

SIG Sauer P365. Karibu gramu 500, mtutu wa milimita 79. Ndogo kweli na inabeba risasi nyingi kwa umbo lake. Inadai mshiko imara.

Smith & Wesson M&P Shield. Ya mwaka 2012, nyembamba, magazini za risasi 7 na 8. Slaidi yake inahimili jasho. Ukikutana na iliyotumika ya miaka ya mwanzo, hakikisha ilikaguliwa.

Kununua iliyotumika si vibaya, alimradi muuzaji ana leseni na makaratasi yamekamilika. Mulika ndani ya mtutu, pima springi, na uulize ilikaa wapi. Bastola iliyokaa Nanyuki miaka kumi na ile iliyokaa Malindi miaka kumi hazina umri mmoja.

Nilichomwambia mpwa wangu

Nilimwambia kwamba kwa Mombasa, kwa mara ya kwanza, ningechagua yenye ukubwa wa wastani, ngozi ya nitraidi au chuma kisichoshika kutu, na triga ya kiwandani isiyoguswa. Kama kidole chake hakijatulia, achukue yenye nyundo na kitufe cha kuishusha. Nikamwambia pia kwamba tofauti kati ya Glock, Ceska na SIG ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu anayekwenda uwanjani kila mwezi na mtu anayekwenda mara moja kwa mwaka kama nilivyokuwa mimi.

Kisha nikamuuliza maswali ambayo sikujiuliza mwenyewe. Ana watoto wawili wadogo. Sanduku la chuma litafungwa wapi, na ufunguo utakaa na nani? Jioni ile langoni, mimi nikiwa na bastola, na mke wangu kiti cha pili, na wale vijana watatu wenye haraka, ningefanya nini? Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Kila nikilifikiria kwa ukweli naona kwamba kukabidhi pesa na simu kulikuwa uamuzi sahihi, na kwamba ningekuwa na bastola siku ile, pengine mmoja wetu hangefika ndani. Bado ninayo. Lakini siibebi tena ili nijione jasiri, na siku nyingi inabaki ndani ya sanduku.

Alikaa kimya kidogo kwenye simu. "Mjomba," akasema, "basi kwanza nitanunua sanduku. Hiyo nyingine nitakuja tuitazame pamoja."

Nimemwambia aje Julai, baridi ikiwa kali. Tutaanzia uwanjani, na daftari.